Usiliinue Gari Kabla ya Kulipima



Masika yakaribiapo, wenye magari katika maskimu yetu ya Kwale huanza kuulizana swali moja: je, gari niliinue? Mwenye Land Rover kuukuu ataka kuliinua. Mwenye pikapu ya Hilux ataka kuliinua. Na kijana aliyenunua Prado iliyokwisha tumika Japani, huyo hatulii kabisa mpaka aione imesimama juu kama jogoo. Mafundi nao wako tayari siku zote, maana hiyo ni kazi, na kazi ni fedha.

Maoni yetu twayasema hapa mwanzoni, ili hata asiye na nafasi ya kusoma mpaka mwisho ayapate. Wakulima wengi wa Bongwe na jirani zake hawana haja ya kuinua gari. Wenye haja ni wachache, na hao yawatosha sentimita nne au tano. Azidishaye hapo anajinunulia hatari kwa fedha za nazi zake mwenyewe.

Hatusemi kwamba njia zetu ni nzuri. Twazijua. Ukitoka lami ya Ukunda ukaingia ndani kuelekea Bongwe, wakutana na mchanga unaomeza gurudumu wakati wa kiangazi. Penye mwamba wa matumbawe, jiwe limechomoza katikati ya njia likingojea tumbo la gari. Ukipanda kuelekea Kwale na Shimba Hills, udongo mwekundu huteleza kama sabuni mwezi wa Mei, na malori yamechimba mifereji miwili yenye tuta katikati. Mkulima mwenye mihogo, machungwa au nazi za kupeleka soko hawezi kungoja mpaka njia ikauke. Basi haja ya kupita ni ya kweli. Lakini haja ya kupita ni jambo moja, na urefu wa gari ni jambo jingine.

Vijana wetu huyaona magari ya watalii yatokayo Diani kwenda Hifadhi ya Shimba Hills na Tsavo, wakadhani urefu ndio nguvu. Hawafikiri kwamba gari lile limetengenezwa kwa kazi yake. Bodi imerefushwa, viti vimeongezwa, na springi zimechaguliwa ziubebe uzito ule kila siku. Ukizitia springi hizo katika gari lako ambalo siku nne katika saba lakwenda tupu, litarukaruka njiani kama mbuzi, na gurudumu linaloruka halishiki ardhi wala halitii breki.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima. Lipakie gari mzigo wa siku ya soko, ulisimamishe mahali palipo sawa, kisha chukua utepe wa fundi seremala. Pima kutoka ardhini hadi chini ya difu, hadi chesisi pale katikati, hadi bampa la mbele, na hadi chini ya tangi la mafuta. Andika hesabu hizo. Halafu lala chini uangalie mikwaruzo. Gari lenyewe litakueleza linapogonga, na kila alama ina dawa yake.

Pima tena kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, upande wa kulia na wa kushoto. Ukiona upande mmoja umelala, au nyuma pamezama hata kabla ya kupakia, basi gari lako si fupi. Limechoka. Springi zilizobeba magunia miaka mingi hulala, na bushi zake hulika. Dawa ya gari lililochoka ni springi mpya za kipimo kile kile cha kiwandani, na bushi mpya. Wako wengi ambao, wakifanya hivyo tu, watarudishiwa sentimita walizodhani ni lazima wazinunue kwa njia nyingine.

Sasa sikiliza neno ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Katika Land Rover za zamani, na upande wa nyuma wa Hilux na Land Cruiser za kazi, difu imeshikana na ekseli, na ekseli imekaa juu ya magurudumu. Ukiinua springi, wainua chesisi na bodi. Difu yabaki pale pale ilipokuwa. Ikiwa alama ulizoziona ziko chini ya difu, basi waweza kumlipa fundi akuinulie gari nusu mita, na bado jiwe la matumbawe litaigonga difu ile ile, mahali pale pale.

Kitu kinachoinua difu ya namna hiyo ni tairi kubwa zaidi, nayo huinua nusu tu ya kile ilichozidi. Chukua mfano. Tairi iliyoandikwa 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777 hivi. Tairi nyembamba na ndefu iliyoandikwa 235/85R16 ina milimita 806 hivi. Tofauti ni milimita 29, na difu itapanda nusu yake, yaani kama sentimita moja na nusu. Ni kidogo, lakini ni kidogo cha kweli. Kumbuka pia kwamba saa ya mwendo itadanganya kidogo: ikisoma kilomita 80 kwa saa, gari kwa kweli lakaribia 83. Na kabla ya kununua, hakikisha tairi haitagusa bodi usukani ukikatwa mpaka mwisho.

Kwa magari ambayo kila gurudumu la mbele hujitegemea, kama Hilux na Prado za siku hizi, mambo ni mengine. Hapo difu ya mbele hupanda pamoja na chesisi. Lakini shafti ndogo zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu hubaki zimepinda kuelekea chini, na kadiri unavyoinua ndivyo zinavyozidi kupinda. Mipira inayofunika viungo vyake huchanika, grisi humwagika, mchanga huingia, na kiungo kimekwisha. Ndiyo maana twasema sentimita nne au tano, si zaidi.

Tena kuna suala la mchanga. Katika njia za Bongwe wakati wa jua kali, gari halikwami kwa sababu ni fupi. Lakwama kwa sababu tairi ngumu yachimba shimo. Ikiwa tairi zako hujazwa ratili 32, zipunguze upepo hadi ratili 18 hivi zikiwa na mzigo mdogo, nazo zitalala na kutandaa juu ya mchanga kama unyayo wa ngamia. Ukiwa umepakia sana usishuke hivyo. Nenda polepole, usikate kona kwa ghafula, na uzijaze tena kabla hujaingia lami. Pampu ndogo ya umeme wa betri na kipimo cha upepo ni vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na seti ya springi, na kwa njia za mchanga vina faida kuliko kuliinua gari.

Pengine umekwisha pima, umebadili zilizochoka, umetazama tairi, na bado tumbo la gari lapanda juu ya tuta la katikati. Basi wewe ni katika wale wachache wenye haja, na sasa yafaa ujue njia zilizopo ili usiuziwe isiyokufaa.

Njia rahisi kuliko zote ni spesa, yaani kipande cha chuma, alumini au plastiki ngumu kinachowekwa juu au chini ya springi ya koili. Spesa nyembamba iliyotengenezwa vizuri yaweza kufaa gari jepesi. Lakini haiongezi nguvu ya kubeba hata kilo moja. Spesa za mbao, au mbili tatu zilizopandanishwa, usizikubali hata ukipewa bure.

Njia ya pili ni kurefusha vile vishikizo vya chuma vinavyoning'iniza mwisho wa springi za majani. Kishikizo kikirefushwa sentimita kumi, gari hupanda tano tu. Ubaya wake ni kwamba ekseli huinama, na ikiwa ni ya mbele, usukani hupoteza utulivu, gari likawa latangatanga barabarani.

Njia ya tatu ni kuweka kipande cha chuma kati ya springi za majani na ekseli. Kwa nyuma, kipande kifupi kilichofungwa na boliti zake sawasawa huweza kufaa. Kwa mbele ni mwiko. Ukikanyaga breki, ekseli ya mbele husokotwa kwa nguvu nyingi, na kipande hicho kikiteleza, usukani si wako tena.

Njia ya nne ni kuinua bodi peke yake juu ya chesisi. Hii haiinui difu wala chesisi. Kazi yake ni kuipa tairi kubwa nafasi, basi. Anayekuambia kwamba utavuka matuta kwa njia hii hakuelezi kweli.

Njia ya tano, nayo ndiyo tunayoisifu, ni seti kamili: springi zilizotengenezwa kwa gari la aina yako na mwaka wake, pamoja na shokapu nne za urefu unaolingana nazo. Ukiinua springi ukaziacha shokapu za zamani, gurudumu likishuka shimoni shokapu hufika mwisho wake kabla ya springi, ikabeba uzito usio wake, ikang'oka. Fedha ulizookoa hapo utazilipa mara mbili.

Unapoinunua seti hiyo, usimwambie muuzaji wataka gari la urefu gani. Mwambie gari lako labeba nini. Springi hutengenezwa kwa uzito, na maduka mazuri huwa na za mzigo mdogo, za kati na za mzigo mkubwa kwa gari lile lile. Fanya hesabu ya kweli. Magunia kumi ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 900, yaani karibu mzigo wote wa pikapu ya tani moja, na wewe na utingo wako bado hamjapanda. Ikiwa mzigo huo waupakia kila siku, chukua springi ngumu. Ikiwa ni mara moja kwa juma, chukua za kati, na siku ya mzigo uende taratibu. Na ujue kwamba kuinua gari hakuongezi mzigo ulioruhusiwa na kiwanda.

Sisi wa Pwani tuna adui mwingine: chumvi. Upepo wa bahari hula chuma taratibu bila mtu kuona. Kabla ya kufunga springi mpya, mwambie fundi agonge chesisi kwa nyundo ndogo pale springi zinaposhika. Ikitoa sauti butu, au kutu ikianguka kwa mabamba, acha mambo ya kuinua, utengeneze chesisi kwanza.

Kazi ikiisha, usilipe mpaka umekagua. Inua gari kwa jeki gurudumu lining'inie, utazame mipira ya breki isivutike kama kamba ya nguo. Pikapu nyingi zina kifaa karibu na ekseli ya nyuma kinachopima jinsi gari lilivyozama, ili kigawe nguvu ya breki. Gari likiinuliwa, kifaa hicho hudhani halina mzigo, kikazipunguzia breki za nyuma nguvu hata kama umejaza magunia. Lazima kirekebishwe. Magurudumu yapimwe upya yaende sambamba. Taa za mbele zishushwe, maana taa za gari lililoinuliwa humpofusha mwenye tuktuk na mwenye bodaboda anayekuja. Mwisho, uliza NTSA na kampuni yako ya bima kabla ya kazi, si baada ya ajali.

Tumefika penye jambo kubwa, nalo ni roho za watu. Tuseme magurudumu ya gari lako yameachana sentimita 150, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 70 kutoka chini. Gari hilo likisimama tu, laweza kulala upande hadi nyuzi 47 hivi kabla halijaanguka. Liinue sentimita kumi, na kiasi hicho chashuka hadi nyuzi 43. Utasema nyuzi nne ni kidogo. Lakini hiyo ni hesabu ya gari tupu lililosimama. Weka magunia mpaka juu ya kingo, weka watu watano juu ya magunia, likimbize katika lami ya Likoni hadi Lunga Lunga, na mbuzi akatize mbele. Hapo hutapewa nyuzi 43, wala 30. Aliye juu mngoje chini, nasi hatutaki kuwangoja watoto wetu chini namna hiyo.

Hatari nyingine ni maji. Gari refu humpa dereva ujasiri wa uongo kivukoni. Mvua za Novemba 2023, zilizokuja na El Niño, zilileta mafuriko Kwale na Pwani nzima, na kila aliyekuwako aliona jinsi vijito vya kawaida vilivyogeuka mito. Maji yaendayo kasi yakiwa na kina cha sentimita 60 huweza kulibeba gari kubwa, maana hayalimwagikii tu, hulisukuma na kulielea pamoja. Sentimita tano za springi haziwezi kushindana na mto. Maji yakiwa mekundu na huoni njia chini yake, ngoja. Ndizi zikioza ni hasara ya juma moja.

Wako watakaosema kwamba sisi ni waoga, na kwamba bila urefu huwezi kupita njia mbaya. Tuwakumbushe mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1963 mvua ilikuwa kubwa hata katika magari 84 yaliyoanza, saba tu yakamaliza. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, motokaa ya kawaida ya nyumbani inayosukumwa na magurudumu mawili, ikiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff. Halikushinda kwa urefu. Lilishinda kwa kuwa imara chini, na kwa kuwa na madereva waliojua wapi pa kukanyaga na wapi pa kuacha. Wazee wetu walioziendesha pikapu za 404 katika njia hizi hizi watawaambia yale yale.

Jambo la mwisho si la gari, ni la njia. Kinachoharibu barabara zetu ni maji yasiyo na mahali pa kwenda. Maji yakilala njiani, lori likipita juu yake, mfereji wazaliwa, na kila mvua waongezeka. Wenye mashamba kumi walio katika njia moja wakikutana Jumamosi mbili kabla ya masika, wakachimba mitaro ya pembeni na kuyatoa maji kila penye mteremko, wakajaza mashimo kwa kokoto za matumbawe, wataliondoa tuta lile ambalo kila mmoja alitaka kulivuka kwa fedha zake. Penye kazi kubwa, kama kalivati, pelekeni haja yenu kwa mwakilishi wa wadi na serikali ya kaunti, au kwa KeRRA ikiwa barabara ni yao, nanyi mwende pamoja na kwa maandishi. Mtu mmoja mwenye gari refu hana sababu ya kulalamika, na asiyelalamika hasikiwi.

Tena fikirini. Sentimita tano za springi ni zako peke yako. Mtaro ni wa wote. Katika njia ile ile hupita mama mjamzito juu ya bodaboda akienda hospitali ya Msambweni, hupita mtoto wa shule, hupita jirani mwenye baiskeli na nazi zake. Hao hawana springi za kuinua.

Basi, ndugu mkulima, zitumie fedha zako kwa mpango huu. Kwanza mtaro, pamoja na jirani zako. Pili tairi nzuri, pampu na kipimo cha upepo. Tatu springi na bushi zilizochoka zibadilishwe. Nne, ukipima tena na bado tumbo lagonga, liinue gari sentimita nne au tano kwa seti kamili iliyochaguliwa kwa mzigo wako, mikononi mwa fundi anayekubali ukague kazi yake. Ukifika namba ya tatu ukaona gari lapita bila kugonga, ishia hapo, na fedha iliyobaki inunue miche ya minazi.